Ndizi za Sigi, Bakteria wa Utumbo na Haja Yenye Damu

Kijiji cha Sigi kipo langoni mwa Hifadhi ya Msitu Asilia ya Amani, Usambara Mashariki, palipobaki stesheni ya zamani ya reli iliyojengwa na Wajerumani. Mto wenye jina hilo ndio unaoupatia mji wa Tanga maji. Mashambani kuna migomba, mihogo, mafenesi na maharage. Mlaji huona shibe humo. Daktari wa tumbo huona pia chakula cha bakteria.

Polisakaridi ni minyororo mirefu ya sukari ambayo mimea hujengea kuta za seli zake na kuhifadhia akiba. Sehemu ya minyororo hiyo, ambayo wataalamu wa lishe wameizoea kwa jina la makapi-mlo, haivunjwi na vimeng'enya vya binadamu. Hufika utumbo mpana ikiwa nzima, na huko bakteria huichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta. Mojawapo, butireti, ndiyo nishati kuu ya seli zinazofunika ukuta wa utumbo huo, na husaidia kutuliza seli za kinga. Jina la makapi linaidhulumu kidogo. Panya wa maabara walioyakosa makapi hayo, bakteria wao waligeukia ute unaolinda ukuta wa utumbo na kuula.

Kwa wagonjwa wa uvimbe sugu wa utumbo, yaani ugonjwa wa Crohn na ule wa vidonda vya utumbo mpana, bakteria watengenezao butireti mara nyingi hupungua. Kama upungufu huo ni chanzo au ni matokeo ya ugonjwa, mjadala haujafungwa.

Ushahidi ulio jirani na Sigi unatoka Kilimanjaro, ambako pia ndizi huliwa sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine ulihusisha wanaume 77 wenye afya. Wa vijijini waliohamia vyakula vya kimagharibi kwa wiki mbili tu, viashiria vya uvimbe katika damu vilipanda na kinga yao ikalegea mbele ya vimelea. Wa mjini waliorudi kwenye ndizi, kunde na mboga walipata kinyume chake. Kundi jingine lilikunywa mbege kwa wiki moja, nalo uvimbe ukapungua, ingawa habari hiyo si kibali cha kwenda kilabuni.

Hao, hata hivyo, walikuwa watu wazima wa afya. Kwa mgonjwa mambo ni magumu zaidi. Nchini Hispania, mwaka 1999, wagonjwa 105 wa vidonda vya utumbo mpana ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia walipewa mbegu za Plantago ovata, au mesalazini, au vyote viwili. Baada ya miezi 12 tiba ilishindwa kwa asilimia 40, 35 na 30, kwa mfuatano huo. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini ni ya ugonjwa uliotulia. Utumbo unapowaka, baadhi ya polisakaridi, kama zile za vitunguu, huweza kuuchochea kwa wagonjwa wengine. Na palipo na utumbo uliosinyaa, nyuzi ngumu za muhogo au fenesi huweza kuuziba.

Hatari kubwa zaidi huanza kabla ya yote hayo. Mtu akihara damu, mhudumu hufikiri amiba, na si kosa. Kosa ni kuandika metronidazole kwa mara ya nne pasipo kupima choo hata mara moja. Anayehara damu zaidi ya wiki nne, anayekonda, anayeamshwa usiku na haja, apewe rufaa kwenda kupimwa utumbo kwa kamera na kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama. Kichocho na kifua kikuu cha utumbo vitafutwe kabla ya kuanza steroidi, kwa kuwa kifua kikuu huiga Crohn kwa ustadi, na dawa hizo hukifungulia mlango.

Mgonjwa aliyekwisha kupata nafuu asiache vidonge kwa kusikia sifa za ndizi. Mshtuko ukipita, na daktari akiridhika kwamba utumbo haujasinyaa, aanze na ndizi zilizopikwa zikapondwa, kisha maharage laini kwa vijiko vichache, akiongeza wiki baada ya wiki na kuandika kila kilichomsumbua, ili karatasi hiyo aende nayo kliniki.