Kipima Uongo: Kinachompata Anayekalishwa Kwenye Kiti

Kipima uongo, ambacho kwa jina la kitaalamu huitwa poligrafu, hakipimi uongo. Hupima pumzi, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na jasho la vidoleni. Hakuna badiliko la mwili linalotokea pale tu mtu anapodanganya, lisitokee anapoogopa, anapoona haya au anapopandwa na hasira ya kusingiziwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya upimaji huu ni mazungumzo, na mtambo hufanya kazi kwa muda mfupi kuliko wengi wanavyodhani.

Asili yake ni Marekani. Mwaka 1915 William Moulton Marston, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kupima shinikizo la damu la watu waliokuwa wakijieleza, akiamini kwamba hupanda mtu anapodanganya. Mwaka 1921 John Larson, polisi wa mji wa Berkeley aliyesomea pia sayansi ya mwili, aliunda chombo kilichochora pumzi na mwenendo wa damu kwenye karatasi mfululizo. Leonarde Keeler akakifanya cha kubebeka na kukiongezea kipimo cha jasho. Miaka mingi baadaye, mwaka 1941, Marston huyohuyo alibuni Wonder Woman, shujaa wa vitabu vya katuni ambaye kamba yake humlazimisha aliyefungwa nayo kusema kweli. Kamba hiyo haijawahi kukosea, sifa ambayo chombo chenyewe hakina.

Siku hizi karatasi na kalamu za wino zimeachia nafasi kompyuta mpakato, lakini vifaa vinavyofungwa mwilini ni vilevile. Mikanda miwili ya mpira huzungushwa kifuani na tumboni kufuata pumzi. Mkanda wa presha, kama ule wa zahanati, hufungwa kwenye mkono juu ya kiwiko. Vidole viwili huvishwa visahani vidogo vya chuma, kwa kuwa ngozi yenye jasho hupitisha umeme zaidi ya ngozi kavu. Umeme wenyewe ni mdogo kiasi cha kutosikika. Mara nyingi kiti nacho huwekewa kitambuzi cha kunasa anayejikaza misuli au kubana vidole vya miguu. Maumivu hakuna, ila mkono uliobanwa hufa ganzi, na mkanda hulegezwa kila baada ya mzunguko wa maswali.

Ili kuona mambo yanavyokwenda, chukulia kwamba magunia ya mchele yamepotea katika ghala moja la Ilomba, Mbeya, na mwenye ghala ameamua kuwapeleka wafanyakazi wake kupimwa. Kwanza mfanyakazi husomewa fomu ya ridhaa na kutakiwa kusaini. Kisha huja mahojiano, ambayo yanaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Mpimaji huuliza habari za afya, dawa anazotumia, usingizi wa usiku uliopita, halafu humwacha asimulie kisa chote kwa maneno yake. Mwenye presha, pumu au ujauzito anapaswa kulisema hapo. Lugha nayo ni jambo la kuangaliwa: mhojiwa anayelazimika kutafsiri swali kichwani kabla ya kujibu anaubebesha mwili kazi ambayo mashine itaichora bila kujua sababu yake.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba maswali yote husomwa kabla ya kipimo kuanza, neno kwa neno. Hakuna swali la kushtukiza. Kila moja hujibiwa kwa ndiyo au hapana tu, na kati ya swali na swali hupita sekunde ishirini na kitu za ukimya ili mwili urudi ulipokuwa.

Maswali yenyewe ni ya aina tatu. Yapo yasiyo na uzito: je, leo ni Jumanne? Yapo ya kisa chenyewe: je, ulichukua magunia yale? Na yapo ya kulinganishia, ambayo ndiyo moyo wa mbinu iliyoenezwa na John Reid tangu mwaka 1947: je, kabla ya kuajiriwa hapa, uliwahi kuchukua kitu kisicho chako? Karibu kila mtu amewahi kuchukua kitu, walau senti za mzazi utotoni, lakini mpimaji huwa ameshaliweka swali hilo kwa namna inayomtia mtu aibu kukiri. Hoja ni kwamba asiye na hatia atahangaishwa zaidi na swali hili la jumla, ilhali mwizi atahangaishwa zaidi na swali la magunia. Mzunguko hurudiwa mara tatu au zaidi, tofauti hupewa alama, alama hujumlishwa, na jibu huwa moja kati ya matatu: kuna dalili za udanganyifu, hakuna dalili, au haikujulikana.

Udhaifu wa hoja hiyo hauhitaji shahada kuuona. Mlinzi wa ghala asiye na hatia, mwenye watoto wanaosoma na kodi ya nyumba inayodaiwa, anajua fika kwamba swali la magunia ndilo litakaloamua kama kesho ana kazi au hana. Moyo wake ukienda mbio hapo, mashine haina namna ya kutofautisha woga wa kuonewa na woga wa kukamatwa.

Kabla ya maswali halisi, wapimaji wengi hufanya jaribio dogo la namba. Mhojiwa huchagua namba moja, huambiwa aikane kila inapotajwa, kisha huonyeshwa mchoro uliopanda alipoikana. Lengo la wazi ni kurekebisha mtambo. Lengo lisilotajwa ni kumshawishi kwamba mashine haidanganyiki, kwa maana anayeamini hivyo ndiye anayeogopa akidanganya, au anayekiri kabla hata ya kufungwa mikanda.

Nguvu hiyo ya imani ilijulikana Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, iliko Mbeya, zamani sana kabla ya mashine. Mtuhumiwa wa uchawi au wizi alinyweshwa mwavi, maji ya unga wa gome la mti wenye sumu inayoshambulia moyo. Wanyakyusa waliuita umwafi, na mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi nao miaka ya 1930, aliandika habari zake. Aliyetapika alihesabiwa msafi, aliyeshindwa kutapika alihesabiwa mkosaji. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba aliyejiamini alikunywa kwa mkupuo na tumbo likaikataa sumu, na mwenye hofu alikunywa kwa kusitasita ikamkaa. Kama ndivyo, mwavi nao ulipima hofu, ila ulitoza uhai wa waliokosewa. Tawala za kikoloni ziliupiga marufuku.

Sehemu ya mwisho ya kipimo cha kisasa ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa. Vifaa vikishafunguliwa, mpimaji aliyeona dalili mbaya husogeza kiti, hushusha sauti na kusema kwamba mashine imeonyesha tatizo kwenye swali fulani. Je, kuna jambo mhojiwa angependa kulieleza? Maungamo mengi yanayohesabiwa kuwa mafanikio ya poligrafu hupatikana hapa, kwa maneno, wakati mtambo umeshazimwa. Aliyechoka baada ya saa mbili au tatu anaweza kukubali mengi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushahidi inautaka upande wa mashtaka uthibitishe kwamba maungamo aliyoyatoa mshtakiwa kwa polisi yalitolewa kwa hiari, si kwa vitisho wala ahadi.

Kuhusu usahihi, jibu linaloheshimika zaidi lilitolewa na jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani katika ripoti ya mwaka 2003. Kwa kisa kimoja kinachojulikana, kipimo hufanya vizuri kuliko kubahatisha, lakini kiko mbali na ukamilifu. Kwa kuchuja umati wa wafanyakazi, jopo lilikikataa, na hesabu yake ya mfano inatosha kueleza kwa nini. Katika watu 10,000 wenye majasusi 10, mtambo uliowekwa makali ya kunasa majasusi 8 ungewaangusha pia watu wapatao 1,600 wasio na kosa, na majasusi 2 wangepita. Si nadharia tupu. Aldrich Ames, ofisa wa CIA aliyeiuzia Urusi siri, alipimwa mwaka 1986 na 1991 akafaulu. Alikamatwa mwaka 1994. Gary Ridgway, muuaji wa wanawake wengi jimboni Washington, alifaulu mwaka 1984 na kuendelea kuwa huru hadi 2001. Mwaka 1988 Marekani ilipitisha sheria inayowazuia waajiri wengi wa sekta binafsi kuwapima watu wao, ingawa serikali yenyewe imeendelea kuwapima watumishi wake.

Ipo njia nyingine, iliyopendekezwa na mwanasaikolojia David Lykken mwaka 1959 na kutumiwa sana na polisi wa Japani. Haiulizi kama mtu ametenda, hutafuta anachokijua. Mhojiwa wa Ilomba angetajiwa vyombo vya usafiri: guta, bajaji, Noah, Fuso, trekta. Kama magunia yalibebwa kwa Fuso na habari hiyo imefichwa, mwili unaoshtuka kwenye Fuso peke yake unaeleza jambo. Asiye na hatia hana cha kushtukia. Ugumu ni kuilinda siri hiyo, maana habari za mtaani husambaa kabla mpelelezi hajafika.

Afrika Mashariki nayo imeukaribisha mtambo huu. Tarehe 1 Juni 2018, kwenye Siku ya Madaraka mjini Meru, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba wakuu wa ununuzi na uhasibu katika taasisi za serikali ya Kenya wangechunguzwa upya, na poligrafu ingekuwa sehemu ya uchunguzi huo. Huko ndiko kuchuja umati ambako ripoti ya 2003 ilikutilia shaka.

Kwa mfanyakazi wa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamdai mwajiri sababu halali na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, na mchoro wa pumzi na jasho pekee ni sababu dhaifu. Aliyeachishwa anaweza kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30.