Jiko la Mkaa Chumbani

Masika yaingiapo Mchikichini, wapo wapangaji wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Mkaa umekolea, moshi hakuna; nani atashuku? Kumbe mkaa huo hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu.

Atomu huungana kwa kutumia elektroni mbili kwa pamoja. Kwa kawaida kila atomu hutoa moja, mithili ya majirani wawili wanaochangia gunia la mkaa. Katika hewa hii, kaboni na oksijeni zina vifungo vitatu: viwili vya kuchangiana, na cha tatu oksijeni imelipia gunia zima. Kaboni nayo hubaki na jozi ya elektroni isiyotumika. Ifikapo katika damu, huipa jozi hiyo chuma kilichomo, mahali palipokuwa pa oksijeni, na kukishika kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200.

Basi kichwa kikikuuma na usingizi mzito ukikujia, usijilaze. Toka nje na watoto, kisha mwende hospitali mkapewe oksijeni. Jiko na likae uani, chini ya upenu, hata mvua inyeshe.