Sekunde Moja Iliyotia Kompyuta Wazimu

Tarehe 1 Julai, 2012, saa tisa usiku kwa saa zetu za Afrika Mashariki, saa ya dunia iliongezwa sekunde moja ili iendane na mzunguko wa ardhi. Sekunde moja tu! Lakini kompyuta nyingi zinazoendeshwa na Linux zilipandwa na wazimu. Tovuti ya Reddit ilikwama, na huko Australia abiria wa ndege za Qantas walisota viwanjani kwa sababu mtambo wa kuwaandikisha ulikuwa umegoma.

Kisa ni nini? Ndani ya kompyuta mna kerneli, yaani programu kuu inayozigawia kazi nyingine zote zamu. Programu ikitaka kupumzika husema, niamshe baada ya nusu sekunde. Kerneli huiwekea kipima muda na kukipanga foleni. Usiku ule saa kuu ilirudishwa nyuma sekunde moja, lakini daftari la vipima muda lilikuwa na nakala yake lenyewe, na hakuna aliyelipasha habari. Likawa mbele kwa sekunde nzima. Programu ikiomba nusu sekunde, inaamshwa papo hapo, inatazama saa, muda bado, inalala, inaamshwa tena. Hivyo hivyo bila kikomo, na prosesa inachemka. Dawa ya haraka ilichekesha: mwenye kompyuta aliipangia upya saa ile ile iliyokuwa nayo, basi daftari likapata habari.

Mimi naona ubaya wa mambo haya ni kuandika habari moja mahali pawili. Mwaka 2015 Peter Zijlstra, mmoja wa mafundi wa kerneli hiyo, alifagia kona nyingine ya uchafu huo huo.

Fikiria zahanati. Mgonjwa akiingia kwa daktari, nesi anaandika kwenye kadi yake “yuko ndani”. Akitoka, nesi lazima aishike kadi ile ile afute. Je, kama mgonjwa kaichana kadi huko huko ndani? Nesi atafuta maandishi kwenye karatasi ya mtu mwingine. Ndivyo vipima muda vya Linux vilivyokuwa: kila kimoja kilibeba alama ya kwamba kazi yake inaendelea, na kerneli ilirudi baadaye kuifuta. Kwa hiyo kazi haikuruhusiwa kukitupa kipima muda chake yenyewe. Ingefanya hivyo, kerneli ingeandika juu ya kumbukumbu iliyokwisha kupewa mwingine. Makosa ya namna hiyo ni balaa kuyasaka, maana hutokea leo na kupotea kesho.

Zijlstra akaiondoa alama kwenye kadi akaiweka mlangoni kwa daktari: kila prosesa ina orodha yake inayotaja kipima muda kinachohudumiwa sasa. Kipima muda chenyewe kikabaki na jambo moja tu la kujieleza, kimo kwenye foleni au hakimo.

Haikuwa bure, lakini. Anayeuliza kama kipima muda fulani bado kina shughuli sasa hana budi kutazama foleni na mlango pia, na huenda kikahama katikati ya kutazama. Kwa hiyo kuna namba inayobadilika kila kipima muda kinapohama. Muulizaji huisoma kabla na baada, na akikuta imebadilika, huanza kutazama upya.