Bibi Alikuwa Anasubiri Leza

Wanachuo wenzangu, likizo iliyopita nilishuka Makambako nikitokea Njombe, na bibi akanitambua kwa sauti tu. Nilipompa shikamoo alijibu huku anatazama pembeni. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Hospitali walishamwambia afanyiwe upasuaji, akagoma. Jirani kamwambia siku hizi Dar wanatumia leza, hakuna kisu. Basi miaka miwili anasubiri hela ya leza.

Mimi nasomea ualimu, si udaktari, lakini nilisoma nikamweleza. Mtoto wa jicho si utando unaoota juu ya jicho. Ni lenzi ya ndani, nyuma ya mboni, imeingia ukungu kama kioo cha basi la Njombe asubuhi ya Julai. Ila ukungu huu haufutiki, wala dawa ya matone haiuondoi. Lenzi inatolewa, inawekwa ya bandia.

Njia ni tatu. Ya kwanza, daktari anachana sehemu ndogo na kuitoa. Hii imezoeleka sana kwetu, na mara nyingi haihitaji nyuzi. Ya pili, inavunjwavunjwa kwa mawimbi ya sauti, kisha inafyonzwa. Ya tatu ndiyo leza, iliyoanza Hungaria mwaka 2008. Inachana na kulainisha lenzi, lakini bado daktari anaingiza vyombo kuifyonza. Tafiti kubwa za Ufaransa na Uingereza ziliilinganisha na ile ya pili, zikakuta wagonjwa wanaona sawasawa tu.

Kinachorudisha kuona ni lenzi mpya yenye nguvu sahihi, ndiyo maana jicho hupimwa kwanza. Lakini presha ya macho ikishaharibu mshipa wa fahamu, hakuna leza ya kuurudisha. Na mtoto wa jicho akiachwa akomae sana, anaweza kuleta presha hiyo.

Jirani hakukosea kabisa. Kwa wengine, miezi au miaka baadaye, ngozi laini iliyo nyuma ya lenzi mpya huingia ukungu. Hiyo ndiyo hutobolewa kwa leza, dakika chache, bila kisu.

Bibi alikubali jicho moja. Kuchambua mchele bado anataka miwani, lakini njia ya kisimani anaiona. Sasa yeye ndiye ananipigia simu: "Mjukuu wangu, jicho la pili lini?"

Likizo hii, ukifika nyumbani, muulize mzee wako anasubiri nini.