Jiko la makaa: Moshi ukiisha, hatari haijaisha

MSIMU wa baridi unapoingia jijini Nairobi, kati ya Juni na Agosti, jiko la makaa huwa na kazi mbili katika vyumba vya Kambi Muru, mojawapo ya vijiji vinavyounda mtaa wa Kibera. Ugali ukishaiva na watu kula, jiko halizimwi. Husogezwa karibu na kitanda, mlango ukafungwa na mianya ya mabati ikazibwa kwa matambara ili joto lisitoroke.

Hapo ndipo hatari huanza. Chumba cha kawaida mtaani humo huwa na futi 10 kwa 10, mlango mmoja na dirisha dogo, au pengine kisiwe na dirisha kabisa. Katika nafasi kama hiyo, makaa machache yanayowaka polepole yanaweza kuangamiza jamii nzima kabla ya mapambazuko.

Kiini cha maafa hayo ni gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hii hutokea wakati kuni au makaa yanapowaka bila kupata hewa ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikivutwa, hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka, lakini ubongo na moyo havipati oksijeni. Aliyelala huzama katika usingizi mzito zaidi, asipate hata nguvu za kufungua mlango.

Wengi huponzwa na moshi. Kwa kuwa unawasha macho na kukohoza, watu huwashia jiko nje. Makaa yakishakuwa mekundu na moshi kutoweka, hudhani kwamba sasa ni salama. Ukweli ni kwamba makaa yasiyo na moshi huendelea kutoa gesi hiyo hadi yazimike kabisa. Yakifunikwa majivu ili yadumu usiku kucha, huwa ni hatari zaidi kwani hewa huyafikia kwa shida.

Desturi ya kuhifadhi moto haikuzuka bure. Makaa ni ghali, na bei yake ilipanda zaidi baada ya serikali kupiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018. Anayenunua makaa kwa mkebe huona ni hasara kuyazima yangali mekundu.

Aidha, kuna wanaoamini kwamba jiko la kisasa haliwezi kudhuru. Jiko lenye kiuno chembamba na udongo wa kufinyangwa ndani yake lilianza kuenea nchini mapema katika miaka ya 1980, wazo lake likiwa limetoka Thailand. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na Kamukunji walilifanya kuwa bidhaa ya kila nyumba. Udongo huo huhifadhi joto na kupunguza matumizi ya makaa ukilinganisha na jiko la bati tupu. Hata hivyo, kupunguza makaa si kuondoa gesi. Ndani ya chumba kilichofungwa, jiko hilo pia huua.

Kanuni ya kwanza, basi, ni kuwashia jiko nje na kuliingiza makaa yakishashika vyema. Mlango na dirisha viachwe wazi muda wote wa kupika. Kabla ya kulala, jiko litolewe nje, hata kama makaa yamesalia. Asiyetaka kuyapoteza anaweza kuyatia katika chombo cha bati chenye kifuniko, nje ya nyumba, yakakosa hewa na kuzimika ili yatumike kesho yake.

Kanuni ya pili ni matunzo. Majivu yaondolewe kila siku, kwani yakiziba matundu ya udongo hewa haipandi na gesi huongezeka. Mlango mdogo wa chini uwe wazi jiko linapowashwa. Moto usizimwe kwa kumwagia maji, kwa sababu udongo wenye joto hupasuka. Udongo ukipasuka, bati la nje huwa moto sana na kuoza haraka. Fundi wa jua kali anaweza kuubadilisha bila mwenyewe kununua jiko jipya. Mguu uliolegea urekebishwe kabla sufuria ya maji moto haijamwangukia mtoto.

Wanaotumia kuni, hasa wenye vibanda vya chakula vya Kibera na Kawangware, wanashauriwa kutafuta kuni kavu. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo. Mabaki ya mbao zilizopakwa rangi au dawa yasichomwe, wala mifuko ya plastiki isitumiwe kuchochea moto, kwani moshi wake una sumu.

Jiko liwekwe mbali na pazia, godoro na nyaya za umeme. Mafuta taa yasimwagwe kamwe juu ya makaa yaliyoshika moto. Majivu yasitupwe jaani kabla ya kupoa, kwani katika vichochoro ambamo gari la zimamoto halipiti, kaa moja linaweza kuteketeza nyumba nyingi.

Dalili za sumu ya gesi ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea viungo. Watu kadhaa chumbani wakizihisi kwa pamoja, isidhaniwe kuwa ni malaria au chakula kibaya. Wote watoke nje mara moja, jiko litolewe, na aliyezirai akimbizwe hospitalini apewe oksijeni. Aliyeungua amwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala unga.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020. Vingi vilitokana na maradhi yanayokuja polepole, ya mapafu na moyo. Jiko lililoachwa karibu na kitanda halingoji miaka. Makaa yaliyobaki yana bei yake, lakini hayawezi kulinganishwa na uhai wa waliolala chumbani. Tahadhari kabla ya hatari.