Kwaya imefika, italala wapi?

Msomaji mpendwa, leo naomba ufungue Waraka wa Tatu wa Yohana. Ni mfupi mno, na wengi wetu tunauruka tukikimbilia Ufunuo. Humo utakutana na watu wawili wa kanisa. Gayo anasifiwa kwa kuwapokea ndugu waliokuwa safarini kwa ajili ya Jina, tena wageni, na anaombwa awasafirishe vizuri. Diotrefe hakuwapokea. Hata waliotaka kuwapokea aliwazuia na kuwafukuza kanisani.

Nimewakumbuka hao wawili nikitafakari safari ya waimbaji tisa walioondoka Nashville, Marekani, tarehe 6 Oktoba 1871. Walikuwa wanafunzi wa Fisk, shule iliyofunguliwa mwaka 1866 kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani. Wengi wao walikuwa wamezaliwa watumwa. Madeni yalikuwa karibu kuifunga shule, ndipo mtunza hazina wake, George White, aliyekuwa pia mwalimu wa muziki, akaamua kuzunguka na kwaya kutafuta fedha. Mpiga piano wao, Ella Sheppard, alikuwa na miaka 20. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 14.

Njiani hoteli ziliwafungia milango kwa sababu ya rangi yao. Sheppard aliandika baadaye kwamba kuna nyakati walibaki stesheni wakisubiri, huku White na mwenzake wakitembea kwenye mvua na theluji, hoteli hata hoteli, wakiwatafutia pa kulala. Hebu jiweke pale kwenye benchi la stesheni. Umetoka kuimba habari za Mwokozi, watu wamekupigia makofi, wengine wamefuta machozi, na sasa katika mji huohuo hakuna mwenye kitanda chako. Mimi, kusema kweli, ningeomba tiketi ya kurudi nyumbani.

Wao hawakurudi. Tena walifanya jambo ambalo hadi leo linanisumbua kila kapu la sadaka linaponipitia. Siku mbili tu baada ya kuondoka kwao, moto mkubwa ulizuka Chicago ukawaacha watu wapatao 100,000 bila makazi. Waimbaji walikuwa Ohio, na tamasha lao lilikuwa limewapatia kiasi kisichofika dola 50. Walikuwa na deni la shule, nauli na njaa yao wenyewe. Fedha hizo walizitoa zote kwa waathirika wa moto, watu wasiowajua, katika nchi ambayo wenye hoteli wake hawakutaka kuwaona.

Lakini akina Gayo nao walikuwepo. Wapo wachungaji waliowafungulia makanisa yao. Zipo familia zilizowalaza nyumbani na kuwaketisha mezani, jambo ambalo wakati ule mzungu aliweza kulisemwa vibaya na majirani. Majina ya wengi wao hatunayo. Walipofika Columbus wakiwa wamechoka, White alikesha katika maombi, na asubuhi akawapa jina: Jubilee Singers, kutoka mwaka wa Yubile wa Walawi 25, mwaka wa watumwa kuachwa huru. Novemba waliimba Oberlin mbele ya mkutano wa makanisa, na Desemba kanisa la Plymouth kule Brooklyn likawapokea. Mlango mmoja ulifungua mwingine. Safari hiyo ya kwanza iliipatia shule dola 20,000. Jengo la Jubilee Hall, lililofunguliwa mwaka 1876 kwa matunda ya nyimbo zao, bado lipo Nashville.

Nakuuliza, mpendwa, kwa sababu nami najiuliza. Diotrefe hakuwa mpagani. Alikuwa na kiti kanisani, na pengine alipenda sana kusikia kwaya. Wenye makofi kule Marekani walikuwa wengi kuliko wenye vitanda, na sidhani kama kwetu hesabu ni tofauti. Kwaya ya wageni ikija tunatoa simu zetu na kurekodi. Likifika tangazo la malazi, tunainamisha vichwa kana kwamba sala imeanza. Nyumba ni ndogo, watoto wana mitihani, mgeni hatumjui ni wa namna gani. Sababu hizi nimezitumia zote. Safari moja tuliwaacha vijana wa kwaya walale kwenye mikeka darasani, na asubuhi tukawaomba watuimbie tena kabla hawajapata hata chai.

Jumapili ijayo, au ile inayofuata, mzee wa kanisa atasimama na karatasi ya matangazo. Atasema kuna wageni 30, na atauliza nani anaweza kuchukua wawili. Kutakuwa na ukimya kidogo. Mke wako atakutazama.