Kikoi kikipata shati lake

Jioni, kwenye barabara inayotoka Ukunda kuelekea ufuoni Diani, kikoi huvaliwa kwa namna mbili. Mgeni ametoka kuogelea, amejifunga kikoi kiunoni, kifua wazi. Mzee wa Mwabungo naye amekifunga vile vile, lakini juu ametia shati jeupe lililopigwa pasi na kofia ya vito, anaelekea msikitini au barazani. Kitambaa ni kile kile cha pamba, chenye milia pembeni na matamvua kwenye ncha. Kinachowatofautisha kiko juu ya kiuno. Naamini shati ndilo linaloamua kama kikoi ni kitambaa cha kujistiri baada ya kuoga baharini au ni vazi la kutokea mbele za watu, na kwamba mwanamume aliyevaa viwili hivyo vizuri anastahili kuingia popote anapoingia mwenye suruali.

Tuanze na jinsi kikoi kinavyoshika. Hakina zipu, kifungo wala mshipi. Upande mmoja hulalia mwingine kwa mbele, kisha ukingo wa juu huviringwa mara mbili tatu mpaka ukaze. Mviringo huo ndio kila kitu. Ukichomekea shati humo, umeweka nguo inayoteleza katikati ya mwili na pamba, na ukiinama na kuinuka mara chache kikoi kinaanza kulegea. Tena tumbo linaonekana limevimba hata kwa mtu mwembamba. Ndiyo maana shati la kikoi huachwa nje. Ila si kila shati linafaa kuachwa nje. Mashati mengi ya ofisini yameshonwa yachomekewe: pindo limepinda, mbele na nyuma ni refu, ubavuni ni fupi. Likining'inia juu ya kikoi, ule mviringo huchungulia pembeni kila mkono unapoinuliwa, na aliyevaa huonekana kama aliyekatizwa akivaa. Mwambie fundi akate pindo lililonyooka, aache mpasuo mdogo kila ubavu ili shati lisibane ukikaa, na liishie kwenye nyonga. Likishuka hadi mapajani linameza taraza, ile milia ya pembeni, na kumfupisha mtu. Na kwa kuwa kikoi tayari kina milia, shati liwe la rangi moja: jeupe halikosei, au rangi iliyofifia kuliko zote katika taraza ile. Maua juu ya milia hugombana. Kola ni lazima, kwa sababu ndiyo inayoinua kikoi kutoka nguo ya nyumbani. Miguuni makubazi, champali za bafuni huharibu kazi yote.

Waskoti nao wana sketi yao ya kiume, kilti, na huchomekea shati. Wana sababu: kilti hufungwa kwa mikanda na bizimu, hukaa juu kiunoni, na koti lake hukatwa fupi lisifunike mkoba unaoning'inia mbele. Fiji nako sulu rasmi, sketi ya wanaume wa huko, hushonwa na mifuko na mahali pa mshipi, ikavaliwa na shati la kuchomekea na tai, ofisini na katika sherehe za serikali. Lakini Tamil Nadu, kusini mwa India, ambako veshti, shuka ya kiume ya kiunoni, hushikwa kwa kukunjwa kama kikoi, shati huachwa nje. Anayeona shati la nje kuwa uzembe amechukua kanuni ya mshipi akaipeleka kwa nguo isiyo na mshipi.

Pingamizi kubwa linatoka kwetu wenyewe. Watu husema kikoi ni nguo ya kulalia, ya kuvulia samaki, ya kukaa nayo uani, na kwamba mzee mwenye heshima akitoka huvaa kanzu. Ni kweli, na chini ya kanzu ile kuna kikoi mara nyingi. Lakini matumizi ya nyumbani hayaondoi heshima ya nguo. Suruali nayo hulimiwa shamba na haikatazwi mahakamani. Heshima hujengwa, na huchukua muda. Uingereza ilipiga marufuku mavazi ya Waskoti wa milimani kwa sheria ya mwaka 1746, ikaifuta mwaka 1782, na mwaka 1822 Mfalme George IV mwenyewe alivaa kilti alipozuru Edinburgh. Wapo wanaohofia kikoi kitafunguka hadharani. Hofu hiyo ina msingi kwa anayekiviringa mara moja na kuondoka. Mwenye shaka afunge mkanda mwembamba juu ya mviringo, shati litaufunika.

Pingamizi zito zaidi ni la kanuni. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, aliwaeleza wabunge wa kiume kwamba vazi linalokubalika ni koti, shati la kola lenye mikono mirefu, tai, suruali ndefu, soksi na viatu, akakataza suti za Kaunda. Hoja ya nidhamu ndani ya bunge naielewa, na mahali pa kazi panahitaji mpaka. Ila mpaka unaweza kuchorwa kwa usafi na ukamilifu wa vazi, bila kutaja suruali. Mwaka 2014 jaji mmoja wa Chennai, huko Tamil Nadu, alizuiwa kuingia katika klabu kwa sababu ya veshti, na bunge la jimbo hilo likapitisha sheria mwaka huo huo kuharamisha zuio la aina hiyo. Wakenya tulipinga kampuni ya Uingereza ilipotaka kusajili jina la kikoi kuwa alama yake ya biashara, na maombi hayo hayakufaulu. Tulilitetea jina; vazi lenyewe bado halijatetewa. Bunge la Kaunti ya Kwale linaweza kuanza kwa kuandika katika kanuni zake kwamba kikoi na shati la kola ni vazi rasmi, na hoteli za Diani zinazodai suruali ndefu wakati wa chakula cha jioni zikaongeza maneno manne kwenye tangazo lao: au kikoi na shati.